Hisa, kiti na daftari: majibu kwa wanaotaka shabiki abaki jukwaani

Kila msimu unapokwisha vibaya kwa klabu zetu za Bukavu, OC Muungano au OC Bukavu Dawa, mazungumzo hurudi kwenye swali lile lile: klabu hizi ni za nani? Wanaliuliza Kadutu, kando ya uwanja wa Concorde, na wanaliuliza Bagira. Sisi wa Luhwindja tunaoshuka mjini kutoka milimani tukiwa na rangi za timu zetu tunaliuliza pia. Jibu tamu ni kwamba klabu ni ya mashabiki. Jibu la kweli huonekana siku shabiki anapoomba kuoneshwa daftari la hesabu.

Kuna pendekezo ambalo limekwisha kujaribiwa kwingine: mashabiki wauziwe hisa, na wachague watu wao wa kuketi kwenye bodi ya klabu. Tanzania imelijaribu kwa njia yake, Ujerumani kwa njia yake, Uskoti vilevile. Wanaolipinga hapa kwetu si wajinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Nimezikusanya saba ninazozisikia mara nyingi, nizijibu moja baada ya nyingine. Msimamo wangu ni huu: hisa, kiti na haki ya kusoma hesabu viende pamoja. Kimoja kikikosekana, vingine viwili havimsaidii mtu.

Dai la kwanza: «Klabu ni ya wote tayari, haina mwenyewe»

Kisheria dai hili lina pa kusimama. Klabu nyingi za Congo ni vyama visivyotafuta faida, zile ASBL tunazozijua, chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Katika chama cha namna hiyo hakuna mwenye hisa, na mamlaka ya juu ni mkutano mkuu wa wanachama. Lakini mwanachama ni yule aliyeandikwa. Anayeimba tangu dakika ya kwanza mpaka ya tisini, na jina lake halimo kwenye orodha yoyote, ni mteja wa mlangoni. Amelipa, ameangalia, amerudi nyumbani. Hawezi kuitisha mkutano wala kumwondoa mtu, na akiuliza swali hakuna anayelazimika kumjibu.

Kisha kuna jambo la deni. Prezida wa klabu hulipa mishahara, hulipa ndege ya kwenda Lubumbashi au Kinshasa, hulipa hoteli na dawa za wachezaji. Ni jambo la kushukuru. Lakini kama hakuna karatasi inayosema kwamba pesa hizo ni zawadi, siku ya kuachana zinaweza kugeuka mkopo. Na chama kisicho na mwenyewe, kikidaiwa fedha zote na mtu mmoja, kimekwisha kupata mwenyewe bila mtu yeyote kupiga kura. Anayesema klabu ni ya wote aanze kwa kutuonesha orodha ya wanachama na orodha ya wadai.

Dai la pili: «Mashabiki ni maskini, mpira wa leo unataka tajiri mmoja»

Mfano unaoletwa ni TP Mazembe, na ni mfano wa kweli. Moïse Katumbi aliishika klabu hiyo mwaka 1997. Ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 dhidi ya Inter Milan, ikajenga uwanja wake Kamalondo. Hata Katumbi alipokuwa nje ya nchi kati ya 2016 na 2019, timu haikuanguka: ilibeba Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na tena 2017. Hilo halifutiki.

Lakini Katumbi ni mmoja, na nchi hii ina mamia ya klabu. Klabu haiwezi kupanga miaka yake kumi ijayo kwa kungoja azaliwe mwingine. Tazama kilichowapata jirani zetu wa Yanga, klabu iliyoanza mwaka 1935. Yusuf Manji aliilea kwa pesa zake, na mwaka 2016 akaomba akodishwe klabu kwa miaka 10. Mpango ukakwama, na Mei 2017 akajiuzulu. Baada yake klabu kubwa kama ile ilifikia kutembeza bakuli kwa wapenzi wake ili ijiendeshe, na mmoja wa waliohimiza michango hiyo alikuwa kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani mwenzetu. Yaani mashabiki walewale walioambiwa ni maskini ndio walioitwa kuokoa jahazi. Tofauti ni kwamba waliitwa kama wachangiaji, wakaondoka bila hisa mkononi.

Hearts ya Edinburgh ilikwenda njia nyingine. Kampuni za mmiliki wake, mfanyabiashara kutoka Lithuania, zilifilisika, na klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Juni 2013. Mashabiki waliunda shirika lao, wakawa wanalipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwanamke mmoja mwenye uwezo, Ann Budge, akatanguliza fedha za kuinunua klabu kwa makubaliano kwamba mashabiki watamrudishia. Agosti 2021 asilimia 75.1 ya hisa zikahamia kwa shirika la mashabiki. Kwa hiyo tajiri alikuwepo, naye alikuwa wa lazima. Kilichokuwa tofauti ni mkataba uliosema mapema ataondokaje na nani atabaki na klabu.

Kweli, shabiki wa Bukavu hana mfuko wa shabiki wa Edinburgh. Lakini gharama za klabu ya Bukavu si za Edinburgh pia. Pesa ya wengi ni ndogo kwa kila mmoja na huingia polepole, lakini haijiuzulu, haifungwi na haikimbilii uhamishoni.

Dai la tatu: «Wakipewa kiti watapanga kikosi kwa kelele»

Hofu hii ina ushahidi. Mwaka 2008 maelfu ya watu waliokutana kwenye intaneti walichanga paundi 35 kila mmoja wakainunua klabu ndogo ya Uingereza, Ebbsfleet United. Ahadi ilikuwa kwamba wataamua karibu kila jambo kwa kura, hata kikosi. Shauku ilipoa, wengi wakaacha kulipa, na mwaka 2013 waliobaki wakapiga kura ya kuiachia klabu. Funzo ni kwamba umati hauwezi kufundisha timu.

Ila hakuna mtetezi makini wa hisa za mashabiki anayeomba kupanga kikosi. Kiti cha bodi kina kazi nyingine: kupitisha bajeti, kuajiri na kumhoji mtendaji mkuu, kukubali au kukataa mkopo, kulinda jina, rangi, nembo na uwanja. Cardiff City ya Wales imevaa bluu kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2012 mmiliki wake, Vincent Tan, aliamua timu ivae nyekundu. Mashabiki waliandamana na kuimba, lakini hawakuwa na kura. Ilichukua mpaka Januari 2015 mmiliki mwenyewe abadili mawazo. Shabiki mmoja mwenye haki ya kuzuia jambo hilo mezani angefanya kazi kubwa kuliko uwanja mzima uliopiga kelele kwa misimu miwili na nusu. Kelele ni silaha ya asiye na kiti. Anayezichukia kelele ampe shabiki mahali pa kusemea.

Dai la nne: «Simba wamemaliza mambo: wanachama 51, mwekezaji 49»

Hili ni dai la marafiki, na ndilo linalotaka jibu refu zaidi, kwa sababu wengi wetu tunafuata ligi ya Tanzania kuliko ya kwetu.

Simba, iliyoanza mwaka 1936, ilipiga kura ya mabadiliko ya umiliki mwaka 2017. Mohammed Dewji alishinda zabuni kwa dau la shilingi bilioni 20, na kanuni za serikali zikaweka mpaka: wanachama wasishuke chini ya asilimia 51. Yanga nao walipitisha mabadiliko kama hayo mwaka 2021. Ni hatua kubwa. Hakuna klabu ya Kongo ya Mashariki iliyofika hapo, na Watanzania wanastahili pongezi kwa kuliweka jambo hili hadharani, na wanachama kulipigia kura.

Lakini uliza: hizo 51 anazipiga kura nani? Mwanachama mmoja mmoja hana cheti cha hisa cha kuingia nacho mkutanoni. Fungu zima linasimamiwa na wachache kwa niaba yake. Kwa hiyo nguvu ya wanachama ni sawa na ubora wa wachache hao na uhuru wao, basi. Juni 2024, baada ya msimu mbovu, wajumbe wa upande wa mwekezaji walijiuzulu na Dewji mwenyewe akarudi kwenye uenyekiti wa bodi. Huenda lilikuwa jambo jema kwa timu. Lakini mwenye 49 alikuwa anaongoza kikao, na waliokuwa na 51 walikuwa wakisubiri taarifa. Yanga nako, Hersi Said aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 2022 alitokea GSM, kampuni inayoifadhili klabu. Wanachama walimchagua kwa hiari, na mafanikio yamekuja. Bado msingi ni kwamba mfadhili na anayepaswa kumhoji mfadhili wasiwe watu wa nyumba moja.

Swansea City ya Wales inaonesha upande mwingine wa kosa hilohilo. Shirika la mashabiki lilikuwa na asilimia 21 za hisa na mjumbe kwenye bodi. Klabu ilipanda mpaka ligi kuu, na wengi wakaitaja kama mfano wa kuigwa. Mwaka 2016 wanahisa wengine waliuza hisa zao kwa Wamarekani, na shirika la mashabiki likalalamika kwamba liliwekwa nje ya mazungumzo. Mgogoro ulikwisha kwa maelewano nje ya mahakama mwaka 2022. Hisa zilikuwepo na kiti kilikuwepo. Kilichopungua ni maandishi yenye meno, yanayosema kwamba mwanahisa hauzi kabla wengine hawajapewa nafasi ya kununua au kuuza kwa masharti sawa.

Kwa hiyo tusiombe asilimia tu. Tuombe kuandikwa ni mambo gani hayawezi kupita bila kura ya mashabiki: kuuza uwanja, kubadili jina na rangi, kuhamisha klabu, kuchukua mkopo mkubwa, kuingiza mwanahisa mpya.

Dai la tano: «Mwekezaji akiwaona wanachama mezani atakimbia»

Dewji alipojitokeza mwaka 2016 alitaka asilimia 51. Aliambiwa hapana, akabaki. Bayern München ni mali ya chama cha wanachama kwa asilimia 75, na Adidas, Audi na Allianz wamegawana 25 zilizobaki. Allianz iliingia mwaka 2014 kwa euro milioni 110, ikijua kabisa kwamba haitaamuru. Ujerumani kwa jumla, tangu 1998, inaitaka klabu mama iwe na kura zaidi ya nusu, isipokuwa katika hali chache maalumu, na viwanja vyake vinajaa kila wiki. Na ile Hearts ya mashabiki, mwaka 2025 ilimpata Tony Bloom, mwenye klabu ya Brighton, akaweka paundi karibu milioni 10 kwa asilimia 29 za hisa zisizo na kura. Wanachama ndio waliomkubali.

Mwekezaji makini anaogopa vurugu, deni lililofichwa na uongozi unaopinduliwa kila msimu. Mkutano mkuu wenye orodha safi na hesabu zilizokaguliwa unamtuliza. Anayekimbia kwa sababu ya kuulizwa maswali, na aende. Afadhali ajulikane kabla hajashika funguo.

Dai la sita: «Mwakilishi wa mashabiki atanunuliwa»

Anaweza. Hili sisi wa Luhwindja hatuhitaji kufundishwa. Dhahabu ya Twangiza ilianza kuyeyushwa na Banro, kampuni ya Kanada, mwaka 2011. Watu walihamishwa, wengine wakapelekwa Cinjira juu mlimani. Vikao vilifanyika, wawakilishi wa jamii walikaa mezani, picha zilipigwa. Baadaye Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ikasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa eneo la utawala lenye mgodi, nasi ni sheferi ya namna hiyo, na kampuni itenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Haki imeandikwa. Swali la mwananchi limebaki: pesa iliingia lini, kiasi gani, na nani alitia sahihi? Kuulizwa maoni ni jambo moja, na kuamua ni jambo jingine. Mwakilishi asiyelazimika kurudi na hesabu huanza kuwakilisha tumbo lake.

Dawa yake tunayo vijijini. Akina mama wa vikundi vya akiba vya AVEC wana sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote, pesa zikihesabiwa kwa sauti. Hawakufanya hivyo kwa kuwa wanachukiana. Walijua kwamba uaminifu wa mtu hulindwa na utaratibu. Klabu ya mpira ifanye vivyo hivyo. Wawakilishi wawe wawili au watatu, mmoja hatoshi. Muhula uwe na mwisho. Mwakilishi asiwe mwajiriwa wa prezida wala muuzaji wa jezi wa klabu. Kila baada ya miezi mitatu asimame mbele ya waliomchagua. Na idadi fulani ya sahihi itoshe kuitisha kura ya kumwondoa.

Kura kama hiyo si ndoto. Mwaka 2020 wanachama wa Barcelona walikusanya sahihi zaidi ya 20,000 dhidi ya rais wao, Josep Maria Bartomeu, naye akajiuzulu Oktoba kabla haijapigwa. Lakini tusisahau nusu ya pili: mwaka uliofuata uongozi mpya ulitangaza deni la zaidi ya euro bilioni 1. Wanachama walikuwa na kura miaka yote. Hesabu waliziona kwa kuchelewa.

Dai la saba: «Sheria ya Congo hairuhusu, na isitoshe huu si wakati»

Nusu ya kwanza si kweli. Tangu Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na sheria zake zinatoa njia zaidi ya moja. Ya rahisi ni kuiacha klabu ikiwa ASBL, kusahihisha katiba yake na kuwaandikisha mashabiki kwa kadi na ada. Nyingine ni mashabiki kuunda ushirika wao chini ya sheria ya OHADA ya mwaka 2010, ambamo kila mwanachama ana kura moja hata kama amechangia mara kumi ya mwenzake. Kisha ushirika huo ndio ununue hisa, siku klabu itakapokuwa kampuni. Na katika kampuni ya hisa ya aina ya SA, kubadili katiba kunahitaji theluthi mbili za kura. Maana yake, mashabiki wakishika zaidi ya theluthi moja, hakuna wa kubadili katiba bila wao. Si lazima tufike 51 ndipo tuanze kulinda kilicho chetu.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nami siidharau. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025. Benki zilifunga, barabara hazitabiriki, familia zina mambo mazito kuliko mpira. Nani atazungumza hisa? Lakini tazama tarehe za wenzetu. Hearts iliokolewa na mashabiki ikiwa imefilisika. Portsmouth ilinunuliwa na mashabiki wake Aprili 2013 ikiwa karibu kufutwa. AFC Wimbledon ilianzishwa na mashabiki mwaka 2002 baada ya klabu yao kuruhusiwa kuhamia mji mwingine. Umiliki wa mashabiki kwa kawaida huzaliwa siku mbaya, kwa sababu siku nzuri prezida ana pesa na hakuna anayeuliza. Tena hatua ya kwanza haihitaji benki. Inahitaji daftari, kalamu na watu wa kata tatu wanaoaminika. Kuuza hisa kungojee utulivu. Kuandika majina hakuna sababu ya kungoja.

Tuanzie wapi

Katika mkutano ujao wa klabu yako, iwe Muungano, Dawa au timu ya kijiji inayocheza kwenye kiwanja cha udongo, uliza maswali matatu. Orodha ya wanachama iko wapi, na ina majina mangapi? Klabu inadaiwa kiasi gani, na nani? Nani ana mamlaka ya kuuza jina la timu, rangi zake au kiwanja chake? Mwenye nia njema atajibu, hata kama majibu yatamwaibisha kidogo. Akikataa, usimtukane wala usirushe chupa uwanjani. Zuia mchango wako mpaka utakapopewa risiti yenye jina lako na nafasi ya kupiga kura, na mwambie jirani yako jukwaani afanye hivyohivyo.